Baada ya ruti kanali: jino langu lililopasuka katikati

Lilipasuka nikiwa natafuna kitu laini kabisa, ndo maana mpaka leo sijasahau. Ningekuwa nimeuma mfupa ningesema sawa, nimejitakia. Lakini hapana, kitu laini, upande wa kushoto juu, nikasikia "ka!" ndani ya kichwa, sio masikioni, ndani ya kichwa kabisa, alafu kimya. Maumivu hakuna. Nikapitisha ulimi nikakuta upande mmoja wa jino unacheza, nikiusukuma unaenda, nikiuachia unarudi, kama mlango uliolegea bawaba.

Ni gego dogo la juu, la pili ukihesabu kutoka kwenye chonge kwenda nyuma, na lilikuwa limeshafanyiwa ruti kanali, yaani kusafishwa ndani mpaka kwenye mzizi na kuzibwa, miaka 2 kabla. Niseme mapema kabisa kwamba ile ruti kanali ilifanywa vizuri, sina lawama hata moja kwa aliyeifanya. Naandika kwa sababu tangu siku ile, kila nikiongea na mtu anayesumbuliwa na jino nasikia maneno yaleyale, "usikubali ruti kanali bana, jino linakuwa dhaifu, baadae linavunjika tu, bora ung'oe yaishe". Sasa mimi ndo mtu ambaye jino lake lilivunjika kweli, nadhani nina haki ya kuongea, na nasema hayo maneno yanamsingizia asiye na kosa.

Ngoja tuingie ndani ya jino kwanza. Nje kuna enameli, kitu kigumu kuliko kingine chochote mwilini, mfupa haufiki hata karibu. Chini yake kuna dentini, ambayo ndo sehemu kubwa ya jino na ina vijitundu vingi sana ambavyo huwezi kuviona kwa macho. Katikati kabisa kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inashuka mpaka kwenye ncha ya mzizi. Jino likitoboka na bakteria wakafika kwenye kiini, ile nyama inavimba kama nyama yoyote inavyovimba, ila hii imefungiwa kwenye kuta ngumu pande zote, haina pa kutanukia. Wale mliowahi kuumwa jino usiku mnajua nachosema. Ukilala linazidi, ukikaa linapungua kidogo, unasikia mapigo ya moyo wako ndani ya jino. Alafu siku moja maumivu yanakata ghafla, mtu anashukuru anasema nimepona, kumbe kiini kimekufa na bakteria wanaendelea kushuka taratibu kwenye mfupa.

Kuna jaribio moja la mwaka 1965, la Kakehashi na wenzake kule Marekani, mi nalipenda sana kwa jinsi lilivyo rahisi. Walikuwa na panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja mwilini, na panya wengine wa kawaida. Wote wakatobolewa magego mpaka kwenye kiini, wakaachwa hivyohivyo wazi. Wale wa kawaida viini vyao vikaoza na majipu yakafuata. Wale wasio na vijidudu, pamoja na kwamba mabaki ya chakula yalijisokomeza kwenye tundu kila siku, viini vikabaki hai na vikaanza kujijengea dentini mpya ya kuziba lile tundu. Mi niliposoma hilo ndo nikaelewa daktari alikuwa anafanya nini kwenye mdomo wangu yale masaa yote: anawatoa bakteria, alafu anawafungia mlango wasirudi.

Na kazi yenyewe ni ya uvumilivu kwelikweli. Sindano ya ganzi, sawa, hiyo inauma sekunde chache. Alafu kinakuja kile kishiti cha mpira, kinatobolewa katundu kamoja, jino lako linachungulia peke yake na mdomo mwingine wote unabaki chini ya mpira. Hicho kimpira kinatumika tangu 1864 na sijui kwa nini watu wanakiona usumbufu, maana ndo kinazuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye tundu linalosafishwa, na kinazuia vifaa visikudondokee kooni. Baada ya hapo ni faili, vile vichuma vyembamba vyenye vishikio vya rangi, vya kwanza vyembamba kama unywele, anaingiza anazungusha anatoa, anaosha kwa maji ya klorini (jamii ileile ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ndo maana harufu unaitambua), anaingiza faili nene kidogo, anaosha tena. Faili inasafisha pale inapogusa tu. Zile kona na vichochoro ambavyo faili haigusi, klorini ndo inafika. Pembeni kuna kamashine kanalia "ti-ti-ti", kanapima kwa umeme faili imebakiza umbali gani kufika nchani mwa mzizi. Jino langu lilikuwa na njia 2, yaani vile vijitundu ambavyo kiini kinapita kushuka kwenye mizizi. Gego kubwa la kwanza la juu mara nyingi lina 4, na ile ya nne imejificha sana, wengi wanaorudi na maumivu kwenye lile gego ni kwa sababu kuna njia iliachwa.

Mwisho zile njia zikajazwa gutapacha, kitu cha rangi ya waridi kinachofanana na mpira, kinatokana na utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Utomvu huohuo ndo ulifunika waya wa telegrafu wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki mwaka 1858, kwa sababu haupitishi maji. Nilipojua hivyo nilifurahi sana, kwamba kile kilichozuia maji ya bahari kimekaa kwenye mzizi wangu kinazuia mate.

Basi, maumivu yakaisha. Daktari akaniwekea kwanza mzibo wa muda, alafu wiki iliyofuata mzibo wa kudumu, akaniambia "sasa rudi tupime kofia". Kofia ya jino, wengine wanaita krauni, ni kifuniko kigumu kinachovishwa jino kwa nje. Nikasema sawa daktari. Nikatoka pale jino haliumi, linaonekana zima, natafunia, na hapo ndo nilipoharibu. Mwezi wa kwanza nilikuwa na kazi nyingi, wa pili nikasema mwezi ujao, wa tatu nikaanza kujiuliza kofia ya nini wakati jino liko vizuri. Ikawa miaka 2.

Siku lilipopasuka nikaenda kwa daktari mwingine, mama mmoja mtu mzima, mtaratibu sana. Akanipa kijiti cha plastiki niume, kwanza ncha ya nje ya jino, alafu ncha ya ndani. Nilipouma ya ndani nikaruka. Akachukua kachuma kembamba ka kupimia fizi, akazunguka nako, pembeni zote kanaingia kidogo tu, sehemu moja kakazama ghafla, kirefu na chembamba. Akashusha barakoa.

"Mwanangu, ufa umeshuka kwenye mzizi."

"Si unaweza kuziba daktari?"

"Ningeweza ningefanya. Bakteria wanapita kwenye huo ufa mpaka kwenye mfupa, na hakuna gundi inayoshika pale ikakaa. Mzizi ulitibiwa vizuri kweli, tazama hii eksirei. Kofia ilikuwa wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Likang'olewa, likatoka vipande viwili. Alinionyesha juu ya kitambaa cheupe cha pamba, na hiyo picha haijanitoka: jino limepasuka wima kama kuni, na katikati ya ule mpasuko unaona uzi wa gutapacha ya waridi umenyooka kuanzia juu mpaka karibu na ncha, hauna pengo, hauna kasoro. Kazi safi ya masaa mengi ya mtu, imelala pale kwenye pamba.

Nikaanza kusoma. Kitu cha kwanza nilichotafuta ni hii habari ya kwamba jino likishatolewa mshipa linakauka na kuwa kama tawi kavu. Na mi nilikuwa naamini hivyo, inaingia akilini kabisa, si halina damu tena. Mwaka 1992 Sedgley na Messer walipima hilo jambo vizuri sana. Walichukua jozi 23 za meno, kila jozi inatoka kwenye mdomo mmoja, jino lililofanyiwa ruti kanali na mwenzake wa upande wa pili ambalo bado lina kiini hai. Wakapima ugumu wa dentini, nguvu za kuikata, na uzito unaohitajika kulivunja. Karibu kila kitu kikawa sawa. Tofauti waliyoiona ni ya ugumu wa dentini, asilimia 3.5. Wakahitimisha kwamba meno hayo hayageuki kuwa mepesi kukatika kwa sababu tu kiini kimetolewa.

Sasa kama dentini ni ileile, kwa nini yanapasuka? Hapa ndo kuna namba ambazo natamani kila mtu azijue kabla hajakaa kwenye kile kiti. Mwaka 1989 Reeh, Messer na Douglas walipima jinsi jino linavyopoteza ukakamavu kila hatua unapolikata. Ule mlango wa ruti kanali peke yake, yaani kutoboa juu na kusafisha njia, ulipunguza ukakamavu kwa asilimia 5 tu. Tundu la kuziba la juu ya jino, asilimia 20. Lakini tundu linalokula juu pamoja na kingo zote mbili, ile ya mbele na ile ya nyuma, lilipunguza asilimia 63.

63! Ukingo tu huo, ile mistari miwili iliyoinuka inayounganisha ncha ya nje na ncha ya ndani, ambayo hata huioni ukijitazama kwenye kioo.

Mi nafikiria nyumba. Ukishapandisha kuta unapitisha linta kuzunguka pande zote ili kuta zishikane. Toa linta mbele, toa linta nyuma, kuta zitaendelea kusimama na kwa macho nyumba iko sawa, ila ukiegemea ukuta unaelekea nje. Gego dogo la juu ndo liko hivyohivyo, lina ncha mbili, moja nje moja ndani, na katikati kuna bonde. Ukiuma, jino la chini linaingia kwenye lile bonde kama kabari kwenye gogo. Langu kingo zote mbili zilikuwa zimeliwa na uozo miaka kabla ya ruti kanali, ilikuwa mizibo juu ya mizibo. Kwa hiyo jino liliingia kwenye ruti kanali likiwa tayari limepoteza linta, na likatoka vilevile. Watu wanaona ruti kanali ndo ilikuwa kitu cha mwisho kufanyika, basi wanaipa kesi.

Kuna na jambo jingine ambalo sikulitegemea. Randow na Glantz mwaka 1986 waliwawekea watu uzito kwenye meno, wakaona jino lisilo na kiini linabeba zaidi ya mara 2 ya uzito kabla mwenyewe hajasema linauma. Yaani jino zima likizidiwa linakupigia kelele, unaacha kuuma bila hata kufikiria. Lililotolewa kiini linachelewa kukwambia. Nikikumbuka vile nilivyokuwa natafunia upande ule kwa furaha kwa sababu hauumi, naumia.

Kofia inafanya kazi gani basi? Inazishika zile ncha zote kwa nje, zisitanuke. Ukimwona fundi seremala, patasi yake ina pete ya chuma kwenye mpini, pale mwisho, ile pete ndo inazuia mpini usipasuke akigonga nyundo siku nzima. Kofia ni hiyo pete. Ila pete haifanyi kazi mpaka kuwe na mti wa kuukumbatia, na madaktari wanataka angalau milimita 1.5 mpaka 2 za jino halisi, lililo zima, juu ya fizi kuzunguka pande zote, ili kofia ishike dentini yenyewe na sio mzibo. Milimita 2! Ndo maana uozo ukifika chini ya fizi daktari anaanza kukuna kichwa, sio kwamba anakutisha.

Na ile nguzo wanayoichomeka kwenye mzizi wakati mwingine, posti, mi nilidhani inaimarisha jino kama nondo kwenye zege. Hapana. Guzy na Nicholls walilipima hilo mwaka 1979, meno yenye nguzo na yasiyo na nguzo, hawakuona kwamba nguzo inaongeza nguvu. Kazi yake ni kushikilia ule mzibo mkubwa pale ambapo jino la juu limeisha, na kuitengenezea nafasi inabidi uchonge mzizi zaidi, kwa hiyo kama mzibo unaweza kukaa bila nguzo ni bora isiwepo. Uliza daktari wako swali hilo, halina ubaya wowote.

Takwimu za kofia zenyewe nazo hazina utani. Aquilino na Caplan mwaka 2002 waliona meno yaliyofanyiwa ruti kanali bila kofia yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovikwa. Mwaka 2004 Salehrabi na Rotstein wakapitia rekodi za bima za meno zaidi ya milioni 1.4 kule Marekani, asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni baada ya miaka 8. Yale machache yaliyong'olewa, wakaangalia yalikuwaje, asilimia 85 hayakuwa na kofia. Langu liko kwenye hesabu ya namna hiyo, japo halikuwa kule.

Sio kila jino linahitaji kofia lakini, na hili nalo watu wanazidisha. Meno ya mbele, yale ya kukatia, hayapokei kabari katikati kama magego. Jino la mbele ambalo lilitobolewa kidogo kwa nyuma na limebaki na mwili wake, mzibo mzuri unatosha, na kulichonga kwa ajili ya kofia ni kulipunguza bure. Utafiti wa Sorensen na Martinoff wa 1984, meno 1,273, ulionyesha kitu hichohicho: kufunika kulisaidia magego makubwa na madogo, meno ya mbele hakukuongeza chochote cha maana. Na hata kwa magego siku hizi kuna kofia nusu, inafunika ncha tu bila kuchonga kuta zote, daktari akiona kuta bado nene anaweza kukushauri hiyo. Mi naipenda hiyo njia, dentini ikishachongwa hairudi.

Kitu kingine cha kuharakisha ni mzibo wa muda. Ule wa rangi nyeupe laini laini ni wa wiki chache tu, unalika, unavuja, na mate yakishapita pembeni mwake yanashuka mpaka kwenye gutapacha na bakteria wao, na kazi yote inaanza kuharibika kutokea juu. Ray na Trope mwaka 1995 walikagua eksirei za meno zaidi ya 1,000 wakaona afya ya mfupa kwenye ncha ya mzizi ilitegemea ubora wa mzibo wa juu hata zaidi ya ubora wa ujazo wa ndani. Fikiria hapo. Mfuniko juu, jipu chini.

Miaka 3 baada ya lile gego dogo kuondoka, gego kubwa la chini upande wa kulia nalo likafika kwenye kiini. Safari hii nilimwambia yule mama daktari kabla hata ganzi haijaingia, "daktari, naomba tupange tarehe ya kofia leo, kabla hatujaanza". Akacheka akasema hajawahi kuambiwa hivyo. Njia 3, siku mbili za kukaa kwenye kiti, mzibo imara palepale, na baada ya siku 12 likachongwa, likapimwa, nikavikwa kofia ya zirkonia, aina ya kauri ngumu. Siku ya kuvaa aliniambia niume karatasi ya bluu, akaangalia doa, akasugua kidogo, niume tena, akasugua, kama mara 7 hivi, hakutaka hata sehemu moja iguse zaidi ya nyingine. Mwaka huu eksirei ya kukagua imeonyesha kile kivuli cheusi kilichokuwa kwenye ncha ya mzizi kimejaa mfupa. Nilikitazama muda mrefu mpaka akaniuliza kama kuna tatizo.

Kushoto juu bado kuna pengo. Ulimi unaenda pale wenyewe, hasa nikiwa nawaza.

Na sababu ya kuandika leo na sio siku nyingine: mdogo wangu kanipigia juzi kunisalimia, tukaongea mambo mengine kabisa, katikati ya stori akasema ile ruti kanali yake ilienda vizuri, haumwi tena. Nikamuuliza kofia lini. Akasema "ah, jino liko poa tu kaka, nina ile temporari, nitaenda nikipata nafasi". Nikamuuliza ni jino gani. Gego dogo la juu. Nikamuuliza ana hiyo temporari tangu lini, akahesabu, miezi 4. Nimeshampigia daktari mwenyewe. Alhamisi saa 4 asubuhi, na naenda naye.